Mkono Ulioshika Taa

Karibu mwaka mzima nilikojoa kwa tumbo. Mrija wa mpira ulitoka chini ya kitovu changu, ukapita ndani ya suruali na kuishia kwenye mfuko niliofunga pajani kwa kitambaa. Hospitali wanauita sonde. Mfuko ulipojaa nilitafuta kichaka au nyuma ya nyumba, nikaumwaga, kisha nikarudi mahali pangu. Watu wakinikaribia nilisogea kidogo. Harufu yangu niliijua mimi kabla yao.

Niliumia kwenye lori la viazi lililokuwa linashuka kutoka kwetu Masereka, milimani. Ilikuwa miaka ya vita. Madereva walizoea kupita barriere za askari, vile vizuizi vya barabarani, alfajiri, kwa mbio, kabla askari hawajaamka vizuri na kuanza kudai pesa. Siku hiyo askari walikuwa macho. Walipiga risasi moja hewani, dereva akashtuka, kona ikamshinda, lori likalala ubavu. Mimi niliyekaa juu nilianguka kwanza, magunia yakanifuata. Mfupa wa nyonga ulivunjika, na ndani yake njia ya mkojo ikakatika, ncha mbili zikaachana. Mfupa uliunga. Njia ya mkojo haikuunga. Katikati ya zile ncha mbili ilijifunga nyama ngumu kama gome, na tone halikupita tena.

Walionipokea hospitali ya Beni ndio walionitoboa tumbo na kuweka sonde, na Beni nikabaki. Sikutaka mama anione hivyo. Nilitafuta kazi ya mtu asiyetaka kuonekana, nikaipata: kulinda depo ya kahawa ya mfanyabiashara mmoja. Mchana nilikaa ndani, mlango umerudishwa, magunia yakiwa wenzangu. Hata hivyo vijana wa barabarani walijua. Nikitoka kununua chumvi walinipigia kelele, wakiniita dumu la mafuta.

"Bidon! Eh, Bidon! Leo umejaza litre ngapi?"

"Mumuache, iko anatoa mafuta Kasindi!"

Walicheka, nami nilitazama chini nikaendelea kutembea. Wale wa rika langu walikuwa wanaanza kuoa. Kanisani nilihamia benchi la mwisho karibu na mlango, kisha nikaacha kwenda.

Mwenye depo ndiye aliyeniletea habari. Alisema Butembo amekuja daktari, mtoto wa hapa hapa aliyesomea ng'ambo, na kazi yake ni njia ya mkojo tu, si kitu kingine. Tena amekuja na mashine. Akaniambia niende, atamweka mtu mwingine mlangoni mpaka nirudi.

Sikuweza tena kupanda juu ya magunia. Nililipa nafasi mbele ya lori, nikabanwa kati ya dereva na mama mmoja aliyepanda njiani, Kalunguta, na kuku mapajani. Kwenye mashimo mfuko wangu ulivuja kidogo. Dereva alivuta pumzi, akafungua kioo.

"Iko nini inanuka hivi?"

Yule mama akamtazama kuku wake, akampiga kofi dogo. "Iko hii kuku, tata. Unisamehe. Ilikula sijui nini asubuhi."

Mpaka Butembo alimgombeza kuku.

Hospitali, wagonjwa wa daktari huyo walilazwa katika chumba kimoja kirefu. Wengi walikuwa wazee ambao mkojo uliwakatalia kwa sababu ya uzee. Kila mzee alikuwa na mtu wake aliyelala chini pembeni ya kitanda, mke au binti au mjukuu, wa kumpikia, kumfulia na kukimbia famasi. Huyo tunamwita garde-malade. Kitanda changu kilikuwa cha mwisho, na chini yake palikuwa na ndala zangu tu.

Daktari alikuwa mtu mfupi, mcheshi, aliyeongea Kiswahili chetu bila kujivuna. Alituonyesha mashine siku ya kwanza. Tulitegemea kitu kikubwa chenye macho. Kumbe ulikuwa mkono mmoja wa chuma uliofungwa kwenye ukingo wa meza, wenye kiwiko na kifundo. Aliuamuru kwa mguu, kwa kukanyaga vidude sakafuni. Alituambia kwamba ng'ambo wanajaribu mashine zenye mikono mingi, zinazopasua na kushona huku daktari amekaa pembeni kwenye kiti. Huu ulikuwa ndugu yao mdogo, mkono uliokwisha tumika, akauomba, akapewa.

"Kasindi kwa mupaka, bandugu ba douane bakaniuliza, hii mukono iko ya nani? Nikabaambia, iko yangu. Bakaangalia mikono yangu mbili, bakasema, basi ulipe, umepitisha ya tatu!"

Chumba kizima kilicheka. Kisha akasema kwa utulivu zaidi, "Musiogope. Haipasue mutu. Inashika tu. Mukono ya mutu inachoka, inatetemeka. Hii haichoke."

Mimi alinieleza peke yangu, amekaa kitandani kwangu kana kwamba hanusi chochote. Angepitisha kwenye tundu la tumbo kijiti chembamba chenye taa na kamera, mpaka ndani ya kibofu, kiangalie chini pale njia ilipokatika. Mkono wa chuma ungekishika hapo bila kutikisika. Yeye angeingia na kijiti kingine kutoka chini, akikata ile nyama ngumu kidogo kidogo, akiufuata mwanga. Mwanga ukitikisika, atakata pasipo pake. Njia nyingine ilikuwa kupasua pakubwa, na hilo hapo halikuwezekana, kwa damu na kwa dawa zilizokuwepo.

"Nikikuacha, utabaki na sonde," alisema. "Na mimi ndege ndogo inanichukua Beni juma ijayo. Kurudi, sijui. Inategemea na hawa bakubwa ba vita."

Kwa hiyo ilikuwa juma lile lile tulilokuwemo au basi.

Lakini kwanza alitaka kuujaribu mkono kwa umeme wa pale. Alinunua kibofu cha mbuzi machinjioni, akakijaza maji, akakiweka katika beseni juu ya meza. Chumba cha upasuaji kina dirisha upande wa uani, nasi tulioweza kutembea tulisimama nje tukichungulia. Mkono ulishuka, ukainuka, ukageuka kushoto.

"Angalia, inasalimia," alisema mzee mmoja.

"Iko nakuita weye, koko," mwenzake akamjibu babu huyo. "Jitayarishe."

Kijiti cha taa kiliingia katika kibofu cha mbuzi, na kibofu kikang'aa kama kaa la moto. Daktari aliachia kila kitu, akarudi nyuma, akakunja mikono kifuani. Mwanga haukutikisika hata kidogo. Nilihisi kitu ambacho sikuwa nimekihisi tangu lori. Ilikuwa tamaa. Nilitamani kwa nguvu mpaka nikaona aibu.

Kisha kengele ya kanisa ikalia saa sita. Mji ule haukuwa na umeme isipokuwa wa groupe, yaani jenereta, na mafuta ya groupe yalikuwa shida, kwa hiyo mtu wa groupe alikuwa na mazoea yake: kengele ya saa sita ikilia, anazima. Alifanya hivyo kila siku, na siku hiyo hakuna aliyekumbuka kumwambia vingine. Akazima. Mwanga ukafa, mkono ukaganda pale pale ulipokuwa.

"Washa! Washa!" muuguzi alipiga kelele dirishani.

Mtu wa groupe alikimbia akawasha. Mkono wa chuma ulipopata tena umeme ulifanya kile ulichofundishwa kufanya kila unapoamka: ulijinyoosha kwanza, ukapanda mpaka mahali pake pa mwanzo, juu kabisa. Kijiti kilikuwa bado kimefungwa kwenye ncha yake. Kibofu cha mbuzi kilipasuka toka juu mpaka chini, na maji yakamwagika kwenye viatu vya daktari.

Dirishani hakuna aliyecheka. Walioutengeneza mkono ule, nadhani, walikaa mahali ambapo umeme hauzimwi saa sita.

Daktari alikung'uta maji viatuni. "Njo sababu tunajaribu," alisema. Alimwagiza mtu wa groupe asiguse kitu siku ya kazi, kengele ilie isilie. Muuguzi naye, daktari alimpa amri moja: umeme ukikatika, akifungue kijiti kutoka kwenye mkono kabla ya lolote, akishike yeye, ndipo wawashe. Walirudia mara nyingi alasiri ile, wakizima makusudi na kuwasha, na kibofu cha pili hakikupata hata mkwaruzo.

Hayo watu hawakuyatazama. Waliyoona saa sita yaliwatosha. Jioni ile, pale jikoni nyuma ya hospitali ambapo magarde-malade wote wanapikia, habari ilikuwa kwamba mashine imeua mbuzi. Kila familia ilikaa na kuamua. Wazee walikuja mmoja mmoja kumwambia daktari kwamba watoto wamekataa, kwamba mke amekataa, wapasuliwe kwa mikono au warudi nyumbani. Nilibaki mimi. Sikubaki kwa sababu ya ushujaa. Hapakuwa na mtu wa kunikatalia.

Lakini hapakuwa pia na wa kunikubalia, na hilo daktari hakulipita.

"Batu yako banasema nini?"

"Sina batu hapa, Docteur."

"Kila mutu iko na batu yake."

"Mama iko Masereka."

"Basi mama aseme. Miye sipasue mutoto ya batu bila neno yao. Ukikufa kwa meza, nitamuambia nani?"

Barabara ya Masereka ilikuwa imefungwa tena, wanapigana huko juu. Ilibaki phonie, ile redio ya parokia ambayo inaongea na parokia nyingine milimani. Sijui kama anayesoma hapa amewahi kuongea kwa phonie. Unapelekwa ujumbe kwamba mtu wako aje siku fulani saa fulani. Siku ikifika unasimama katika chumba kidogo, nyuma yako msururu wa watu wanaongoja zamu zao, na unapaza sauti. Milimani nako kumejaa msururu mwingine. Na katikati, kila mwenye redio amefungua masikio, maana hakuna burudani nyingine. Sauti ikiwa mbaya, mtu wa phonie anarudia maneno yako kwa nguvu zaidi, neno kwa neno.

Sauti siku hiyo ilikuwa mbaya sana.

"Mama," nilisema.

"Sauti!" alisema mtu wa phonie.

"Mama! Wavukire! Iko miye!" nilimwamkia kwa lugha ya kwetu.

Kelele za redio, kisha sauti ya mama, nyembamba, kama imetoka ndani ya mtungi. "Mwana wangu. Unakula?"

Nilisema nakula. Nilisema kuna daktari. Nilisema anaweza kutengeneza ile kitu. Mtu wa phonie alinitazama. "Kitu gani? Haisikike. Anasema kitu gani?"

Nyuma yangu mtu alikohoa. Nilikuwa nimejificha mwaka mzima nyuma ya magunia ya kahawa nisilitamke neno lile hata kwa mtu mmoja.

"Njia ya mukojo," nilisema.

"Njia ya mukojo!" mtu wa phonie alipaza kwenye maikrofoni. "Anasema docteur atafungua njia ya mukojo! Bien reçu? À vous!"

Ikawa zamu ya mama kujibu: "Na hii mashini inaua bambuzi? Hapa banasema imeua mbuzi."

Msururu ulilipuka kwa kicheko. Hata mimi nusura nicheke. Nilisogea nikashika meza.

"Mbuzi ilikuwa imeisha kufa, mama! Kibofu yake ilitoka machinjio!"

"Mbuzi ilikuwa imeisha kufa!" alirudia mtu wa phonie, na watu wakacheka zaidi.

Nilieleza kama nilivyoelezwa, taa juu, daktari chini, mkono unaoshika, na kila sentensi ilitoka mara mbili, yangu ya chini na yake ya kelele. Kicheko nyuma yangu kilipungua. Nilimaliza. Redio iliunguruma. Kisha mama akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Nani atakupikia?"

Ningeweza kusema yupo mtu. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka. "Hakuna mutu, mama."

"Hakuna mutu," alisema mtu wa phonie, na safari hii hakupaza sauti.

Nilimsikia mama akilia au redio ikikoroma, vinafanana. "Miye siwezi kushuka. Banatufungia njia. Lakini bafanye. Umuambie docteur, mama yake anasema bafanye. Na akuangalie kama mutoto wake."

Nilitoka bila kumtazama mtu usoni. Msururu ulinipisha. Sikumbuki hata mmoja aliyenitania.

Usiku wa kuamkia upasuaji hupewi chakula, kwa hiyo mchana wa siku hiyo ndio ulikuwa wa kula. Nilikuwa na ndizi nilizonunua getini. Mlinzi wa geti aliingia na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, imefungwa kwa kitambaa: bugali, maharagwe na kipande cha nyama. Alisema mama mmoja ameacha, ameelekeza kitanda cha kijana wa phonie. Hakutaja jina na hakungoja. Nilikula polepole, nikageukia ukuta, kwa sababu sikutaka wanione ninavyokula. Nilizisafisha zile sahani na kitambaa, nikaviweka juu ya kabati. Hakuna aliyekuja kuvichukua, wala sikumjua mwenyewe.

Asubuhi walinichoma sindano mgongoni. Toka kiunoni kwenda chini nikawa gogo, lakini kichwa kilikuwa wazi, na kitambaa walichotandika kati ya kifua changu na tumbo hakikunizuia kusikia. Niliuona mkono wa chuma ukipita juu yake, taratibu, na kiwiko chake kikiinama kunielekea. Daktari alisema kidogo, muuguzi akajibu kidogo. Nilisikia groupe nje. Sijawahi kusikiliza injini kama nilivyosikiliza ile. Nilikuwa nikihesabu pumzi zake badala ya zangu.

Kengele ya saa sita ililia, groupe ikaendelea. Nilishukuru Mungu. Muda mfupi baadaye injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Mafuta yaliyotoka mpakani mara nyingi yalichanganywa maji, na maji yalikuwa yamefika kwenye injini.

Hakuna aliyepiga kelele. "Fungua," daktari alisema. Nilisikia chuma kikilia kidogo, kisha muuguzi: "Iko kwangu. Nimeishika."

"Usipumue sana."

"Nitapumua baadaye, Docteur."

Daktari aliita kwa dirisha. "Musiwashe kwanza! Mpaka niseme!" Uani mtu alijibu kwamba anamwaga mafuta mabaya, anatia mengine. Tulingoja. Mwanga wa dirisha ulitosha kuniwezesha kuona mkono wa chuma ukiwa mtupu juu yangu, haushiki chochote. Sikuwa na mtu wa kunishika mkono. Nililishika shuka.

Waliwasha. Mkono ulijinyoosha, ukapanda juu peke yake, bila kurarua kitu. Daktari aliurudisha chini kwa mguu, wakafunga kijiti tena, na kazi ikaendelea kwa muda mrefu. Nilidhani wamenyamaza kwa sababu mambo yameharibika.

"Naiona," daktari alisema.

"Taa?"

"Nyekundu. Pale. Usiguse kitu. Mukono, kaa vile vile, ndugu yangu, kaa vile vile." Alikuwa anaongea na chuma. Baadaye kidogo alicheka kwa pua. "Niko ndani."

Juma lililofuata daktari aliondoka na ndege yake. Mkono aliufunga katika sanduku akaondoka nao, akisema utafundishwa kuamka bila kujinyoosha. Kabla ya kwenda aliniambia njia yangu imefunguka lakini inaweza kutaka kujifunga tena, na kwamba nitakuja kupanuliwa kila baada ya muda. Ni kweli, nimekwenda mara kadhaa. Aliniachia mrija mwingine katika njia yenyewe, nikalala nao chali siku nyingi nikitazama dari. Wazee wa chumba walipasuliwa kwa mikono na kurudi kwao. Waliokuja badala yao hawakujua habari yangu, na mimi sikuwaambia.

Siku ya kuutoa mrija huo, muuguzi alinijaza kibofu maji, akauvuta mrija wa chini, akaufunga ule wa tumboni kwa kamba. "Sasa nenda," alisema. "Kama haitoke, rudi. Usilazimishe."

Nyuma ya hospitali kuna ukuta wa matofali ambapo wanaume husimama. Nilisimama. Nilikuwa nimesahau namna ya kusimama hivyo. Hakikutoka kitu. Nilitazama matofali, nikafikiri nitarudi ndani kumwambia. Kisha pakaniwasha kama moto, nikauma mdomo, likaja tone, likaja lingine, ukaja mstari mwembamba uliopinda upande, ukanyooka. Nilisikia ukigonga ukuta. Machozi yalinitoka, sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Mwanaume mmoja nisiyemjua alikuja akasimama ukutani karibu yangu, kama wanavyosimama wote. Alikuwa na koti la mvua begani. Hakusogea mbali, hakuvuta pumzi kwa pua. Alitazama juu.

"Leo mvua itapiga," alisema.

"Ndiyo," nilisema. "Itapiga."

Alimaliza kabla yangu, akafunga suruali, akaenda zake. Mimi nilikuwa bado naendelea.